Herufi Isiyopiga

Mashine ya chapa ya baraza la Ulombwe haikuwa na T.
Mkono wake ulikatika mwaka wa njaa.
Fundi wa stesheni ya Tabora akasema kipuri kiko Nairobi,
Nairobi wakasema tuombe kwa maandishi,
na nani aandike "tunaomba" bila T?

Basi mimi Kapela, karani wa daraja la tatu,
niliupiga mswada mzima wa marekebisho
nikiruka penye pengo, kisha nikirudi
na kalamu ya wino wa buluu
kusimamisha T moja moja:
Mtemi. Watu. Katiba.
Mwenye kibangwa kifuani na mchimba karanga
wote walisubiri mkono wangu.

Tulikutana darasani siku tatu,
wazee kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni.
Kulia wanyampala: Mtemi ni mvua, mvua haipigiwi kura.
Kushoto vijana wa chama, kadi mpya mifukoni,
wasiotaka kiti chochote chenye ngozi ya simba.
Katikati sisi, Umoja wa Marekebisho,
watu kumi na wanane na baiskeli mbili,
tuliotaka jambo gumu kulieleza sokoni:
abaki, lakini afungwe kwa maandishi.
Ngoma apigiwe. Ghala asilifungue peke yake.

Nyanzala, binti wa mrina asali, ndiye aliyewakera wote.
Alibandua stempu kwenye bahasha, akaiinua:
"Huyu mwenye taji ana nchi nyingi kuliko vidole vyangu,
na anatia sahihi anacholetewa.
Lini amekuja Ulombwe kuswaga mbuzi wa mjane?"
Darasa likaangua kicheko.
Mnyampala Lushinge hakucheka. Akauliza:
"Na siku asipotia sahihi?"
Tukatazamana.
Nikaandika kwenye kumbukumbu: Swali limeahirishwa.

Usiku wa pili tuligombania neno moja.
*Atashauriana*, au *atafuata ushauri*?
Chemli ilikunywa chupa nzima ya mafuta,
mtu akaenda kuamsha duka la Mwarabu,
akarudi na chupa nyingine na deni.

Siku ya tatu akaja Mtemi Kazwala mwenyewe,
bila ngoma, kwa baiskeli,
mnyororo umemtafuna suruali.
Akasoma vifungu kumi na vinne, kidole mstarini,
kisha akaniuliza mimi, si baraza:
"Karani, mbona nimeandikwa nusu kwa chuma, nusu kwa mkono?"
"Ni cheo, Mtemi. Jina lako halina T."
"Ahaa. Basi jina halina matata."
Akatia sahihi penye *atafuata*.

Miezi tisa.
Ghala likawa na funguo mbili, mmoja kwa Nyanzala.
Mama yake Mtemi alipofariki
aliomba magunia mawili ya mtama wa matanga,
akaambiwa baraza hukaa Alhamisi.
Ilikuwa Jumatatu. Alingoja.
Nilimwona akingoja,
na sijui hadi leo kama niliona haya au fahari.

Kisha treni ikaleta karatasi ya Dar es Salaam:
utemi umefutwa, nchi nzima.
T zake zote zimesimama wima kama askari,
hakuna iliyohitaji kalamu ya mtu.
Vijana walishangilia. Nami pia, sitasema uongo,
mikono yangu ilipiga makofi kabla yangu.
Kazwala akaleta ngoma na kiti, akadai risiti.
Nikampigia. Mapengo nikayaacha.

Sasa naishi Isevya, na redio ya mjukuu wangu
kila asubuhi inasema Ikulu, Ikulu.
Kwetu lilikuwa ua wa miti ya miombo
wenye lango ambalo Nyanzala aligonga akidai hesabu.
Neno lilipanda treni. Silionei wivu,
ila nashangaa lilivyonenepa.

Daftari la kumbukumbu ninalo, limeliwa pembe na mchwa.
T zangu za buluu zimepauka,
mahali pengine Mtemi ni "M emi", watu ni "wa u".
Sentensi moja tu imebaki kama nilivyoipiga,
maana haikuwa na haja na mkono wangu:
Swali limeahirishwa.